Asumini Isiyonukia

Mama alipofariki nilibaki peke yangu kwenye nyumba yetu ya Buhongwa. Sikuwahi kuolewa, na wadogo zangu walishahamia Dar, kila mmoja na familia yake. Jioni nilikuwa nafungulia redio ili tu nisikie mtu anaongea. Ndipo nikajifunza kwenye simu kuhifadhi maua kwa rezini, ile gundi ya maji unayoimimina kwenye kalibu ikaganda, ikawa ngumu na angavu kama kioo.

Maharusi wakaanza kuniletea mashada yao. Nikawa nashinda na maua ya harusi za watu, nikiyakausha, nikiyapanga kwa kibano, nyumba kimya.

Asubuhi moja akaja mzee wa Kihindi aliyewahi kuuza vitambaa mjini. Nilimsikia getini akimwamkia jirani yangu kwa Kisukuma, "Mwangaluka!", na jirani akacheka kwa furaha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Nimeambiwa unayafanya maua yasife."

"Yanakufa, mzee. Mimi nayazuia tu yasioze."

Akafungua kitambaa chenye unyevu. Ndani kulikuwa na asumini, na chumba kizima kikanukia. Akanieleza kwamba mche wake aliupanda mkewe pembeni ya baraza, walipohamia tu nyumba yao. Sasa mke ametangulia, nyumba imeshauzwa, na yeye anakwenda Kanada kwa mwanawe.

"Maua meupe ni magumu," nikamwambia. "Yanabadilika rangi."

"Wewe jaribu."

Nilijaribu, yakatoka ya kahawia kama majani ya chai. Ningeweza kumpigia simu, lakini nikaona ni heri niende mwenyewe. Nyumba yake ilikuwa mlimani, ikitazama ziwa. Ndani yalibaki maboksi na viti viwili. Aliyaangalia yale maua, hakulalamika.

"Mke wangu hakuchuma yaliyofunguka," akasema. "Alichuma tumba, jua likishapoa. Yalimfungukia kwenye nywele."

Tukachuma pamoja, yeye ameshika bakuli. Kisha akatengeneza chai ya tangawizi, tukakaa barazani mpaka ziwa likapoteza rangi. Akaniambia tangu msiba uishe hakuna mtu aliyekaa kwenye kile kiti cha pili. Nikataka kumwambia kwamba kwangu pia kuna kiti cha namna hiyo, lakini nikanywa chai tu.

Zile tumba zilikubali. Hazikuwa nyeupe kabisa, zilikuwa na rangi ya maziwa ya mtindi, lakini zilisimama ndani ya rezini kana kwamba zimechumwa muda huo huo. Alipokuja kuzichukua alizigeuza kwenye mwanga, akatabasamu. Halafu akazisogeza puani.

"Hazinukii."

"Harufu haibaki, mzee."

Akaendelea kuzishikilia pale pale puani. "Hilo sikulifikiria," akasema taratibu, na macho yakamjaa machozi. Nilitaka kumshika mkono, nikashindwa. Nikaenda kumletea maji. Niliporudi alikuwa ameshazifunga kwenye leso na kuziweka kwenye mfuko wa shati. Akanishukuru, akanibariki kama mwanawe, akaondoka.

Sikutegemea kumsikia tena. Lakini alipofika Kanada akapiga, na baada ya hapo akawa anapiga kila Jumapili. Alinisimulia theluji, na wajukuu wanaoelewa Kigujarati kidogo, na Kiswahili hawakielewi hata kidogo. Ile rezini ameiweka dirishani. Nikajikuta Jumapili nawahi kutoka kanisani ili simu isinikute njiani.

Siku moja akaniuliza, "Umepita pale nyumbani?"

Nilikuwa nimepita. Wenye nyumba wapya walikuwa wamepanua sehemu ya kuegesha magari, na pembeni ya baraza palikuwa na saruji tupu.

"Nimepita, mzee."

"Asumini imechanua?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angefurahi, na asingejua kamwe.

"Wameikata, mzee. Wameweka saruji."

Nikasikia mtoto akiongea Kiingereza nyuma yake, mlango ukafungwa.

"Mvua zimeanza huko?" akauliza hatimaye.

"Zimeanza. Jana ilinyesha mchana kutwa, ziwa halionekani."

"Niambie," akasema. "Ilianzia upande gani?"

Nikasogeza kiti karibu na dirisha, nikaanza kumwelezea.