Roboti Asiyejua Kubembeleza

Dušica Krstić akishika jambo haliachii. Sisi wauguzi wa nyumba ya wazee hapa mjini Niš tulilijua hilo tangu alipotuletea Gvozden, roboti aliyemuunda ili azungumze na wazee na kuwanywesha maji. Gvozden alikuwa na adabu za balozi, lakini glasi zilirudi zimejaa, na joto la Julai halikuwa na huruma. Mkurugenzi akakata shauri: wazee wasipokunywa hadi Jumamosi, roboti aondoke. Niliona ni haki, maana wagonjwa ni wangu.

Dušica hakulia wala hakubishana. Alishinda vyumbani akisikiliza watu wanavyoongea. Ijumaa akaingia kwa mzee Živadin, fundi viatu mstaafu, aliyemkaribisha kwa kijiko cha cheri zilizopikwa kwa sukari, kama mgeni anavyopokewa kwetu. Dušica akasema asante, ameshiba. Mzee akasogeza kisahani. Dušica akasema asijisumbue.

"Binti, usinitie aibu chumbani mwangu. Kijiko kimoja tu."

Dušica akala, kisha akaduwaa na kijiko mkononi.

"Mzee, Gvozden akikuletea maji unamwambiaje?"

"Namwambia sitaki."

"Na kiu unayo?"

"Ninayo sana. Lakini yule anauliza mara moja, huyo, kaenda zake. Nimkimbilie kama ombaomba?"

Dušica alijipiga paji la uso. Alikuwa amemfundisha Gvozden kuheshimu "hapana" ya kwanza, na kwetu hiyo ni salamu tu. Akajifungia stoo naye, akamfundisha kubembeleza, na kumtambua pia anayekataa kwelikweli, yule anayefunika glasi kwa kiganja.

Jumamosi mkurugenzi alikuja na wapagazi wa kumwondoa roboti. Gvozden akampelekea Živadin maji, mzee akakataa.

"Kidogo tu, babu, kwa ajili yangu."

Akakataa tena, macho yakicheka.

"Basi nitasimama hapa hapa mpaka miguu iniume."

Živadin akanywa yote. Akaijaza glasi, akamsogezea Gvozden.

"Sasa wewe."

"Asante, babu, usijisumbue."

"Kunywa, bwana."

"Nimeshiba, babu."

"Unanidharau?"

Dušica alishika ukingo wa kitanda. Kupokea hakumfundisha. Gvozden akanyoosha mkono, akaipokea glasi na kuishika kifuani.

"Huyu kalelewa," Živadin akasema.

Mkurugenzi akawaambia wapagazi waende zao. Hapo ndipo Dušica alipolia.