Watoto wa Kuazima

Walimu wa chekechea walimwita Bi Wino, naye hakuwahi kuwauliza kwa nini, maana sababu aliibeba mwenyewe mkobani. Alikuwa karani wa takwimu katika ofisi ya elimu. Kila mwaka alizunguka shule za awali kuhesabu watoto na watu wazima wanaowatunza: walimu, walezi, wapishi, walinzi. Wenzake walihesabu wakiwa wamekaa kwa mkuu wa shule, soda mkononi, wakinakili mahudhurio aliyowasomea yeye. Bi Wino aliingia darasani. Alimshika kila mtoto mkono na kumpaka tone la wino wa muhuri, kutoka kwenye kidau alichotembea nacho, kwenye ukucha wa kidole cha mwisho. Aliyepakwa alikuwa amehesabiwa. Wenzake walimcheka, lakini yeye aliona hiyo ndiyo njia safi, na katika ofisi ile usafi ulikuwa umeadimika.

Mwaka huo kata ilitangaziwa kwamba itapewa mlezi mmoja tu. Angepelekwa kwenye shule yenye watoto wengi zaidi kwa kila mtu mzima wa kuwaangalia. Kwa haki, hapakuwa na cha kushindania. Darasa la nyuma ya soko lilifurika, na mwalimu wake alikuwa peke yake. Muhula uliopita, wakati akimbadilisha nguo mtoto aliyejichafua, mwingine alichomoka. Alikutwa amechuchumaa katikati ya barabara, anachezea kizibo cha chupa. Gari lilisimama. Safari ile lilisimama.

Bi Wino alianzia shule ya upande wa pili wa soko, ambako mkuu alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake.

"Karibu, shemeji. Na kidau chako hicho, leo tunapiga kura?"

"Yako wewe naiharibu mapema."

Darasa lilinukia rangi mpya. Watoto walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, wametulia kwa namna ambayo watoto wa umri huo hawatulii.

"Naona neema imekushukia," alisema Bi Wino. "Mwaka jana humu ndani ukikohoa unaitikiwa na ukuta."

"Wazazi wameamka, shemeji. Usituonee kijicho."

Akapaka, akahesabu, akaandika. Alipotaka kwenda, shemeji akamng'ang'aniza chai. Sukari ikawa imekwisha, akatumwa mtu. Sukari ilipofika, majani hayakuwapo. Bi Wino aliinuka bila kunywa. Alijua anacheleweshwa, ila hakujua anacheleweshwa kwa ajili ya nini.

Nyuma ya soko, alikuta nusu ya mabenchi hayana watu. Mwalimu alimwamkia akitazama sakafu. Mkuu wa shule ile, mtu mnene mwenye sauti ya mazishini, alikuja mbio.

"Mafua, Bi Wino. Yametupukutishia watoto."

Bi Wino alianza na waliokuwapo. Hakufika mbali. Mlango wa nyuma ulifunguliwa, na mlinzi wa shule ya shemeji yake akaingia akiongoza msururu wa watoto walioshikilia kamba moja, kama mbuzi wa mnadani. Alipomwona, mlinzi aliiachia kamba akarudi alikotoka. Harufu ya mafuta ya taa ikajaa chumbani.

Msichana mmoja mdogo akamkodolea macho. "Si wewe umetuhesabu kule? Na huku tunahesabiwa tena?"

Bi Wino akamshika mkono. Kidole cha mwisho kilikuwa chekundu, ngozi imechubuka kuzunguka ukucha. Wakati yeye akingojea chai, walikuwa wamesuguliwa kwa mafuta ya taa na waya wa kusugulia masufuria, ili wino usije ukawasema. Mvulana mmoja alificha mkono kwapani, akakataa katakata kuutoa.

"Mkuu," alisema Bi Wino, "haya nayo ni mafua?"

Mwalimu ndiye aliyejibu, akiwa tayari amechota maji na kuanza kuwaosha. "Darasa likionekana limejaa kupita kiasi, mkuu wetu huandikiwa barua ya onyo. Na mwenzake kule anamtafutia mpwa wake kazi ya ulezi. Basi wakaazimana, na hawa walikuwa warudi ukishaondoka."

"Mwalimu," mkuu akanong'ona.

"Nimenyamaza, mkuu. Nimeshamaliza."

Bi Wino alivitazama vile vidole kimoja kimoja. Angependa lawama iwe ya wale wanaume wawili tu, lakini haikugawanyika kirahisi hivyo. Wino ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyeweka alama, na kwa sababu ya alama hiyo ngozi ya mtoto ikasuguliwa kama sufuria lililoungua. Akakifunika kidau. Akawahesabu kwa macho, wote, pale walipokuwa wanasoma kweli, kisha akaifuta hesabu ya shemeji yake na kuandika upya.

Jioni mdogo wake alipiga simu.

"Dada, mlezi awe kule, awe huku, si ni mlezi tu? Kwa nini umwaibishe mume wangu?"

"Umeviona vile vidole?"

"Watoto hupona, dada."

"Hupona. Ndicho mnachotegemea."

Simu ikakatwa, na kwa miezi mingi haikulia tena kutoka upande ule. Ofisini, mkubwa wake alisoma ripoti akapumua. "Ungeandika mafua, mama, sote tukaishi." Lakini hakuibadilisha, labda kwa uvivu, na mlezi akapangiwa darasa la nyuma ya soko. Bi Wino alijiruhusu kufurahi. Kwa miaka yote ya kuhesabu watu, hii ilikuwa mara ya kwanza hesabu yake kumleta mtu.

Muhula uliofuata alikwenda nyuma ya soko kuthibitisha watumishi. Mkuu alimpokea kwa bashasha. Ofisini mwake msichana nadhifu alikuwa akipanga mafaili, huku birika likichemka pembeni yake.

"Ndiye mlezi wetu," alisema mkuu. "Ananisaidia kidogo hapa. Mwanangu, hebu ingia darasani mara moja uhesabiwe."

Msichana akaingia, akasimama karibu na mlango, kitambaa puani. Harufu ya mkojo ilikuwa nzito kweli. Watoto wakamtazama.

"Mwalimu, huyu mama wa nani?"

"Ni mlezi wenu," alisema mwalimu, mtoto mmoja kiunoni, mwingine amemshika sketi. Watoto wakacheka. Walidhani mwalimu wao anawatania.

Kwenye nafasi ya walezi Bi Wino akaandika sifuri.

"Sifuri vipi?" mkuu akauliza. "Mtu huyu hapa, mbele ya macho yako, na mshahara anapokea."

"Wa kwako huyo. Kamhesabu ofisini kwako."

"Wenye ofisi watakurudishia hiyo karatasi, Bi Wino. Wataandika mmoja."

Alijua wataandika. Pengine walikuwa wameshaandika. Msichana alikwishatoka, maana birika lilikuwa linafurika. Bi Wino alikuwa bado na kalamu mkononi mwalimu alipomsogelea.

"Mama, kabla hujaondoka, nishikie huyu kidogo."

Akamshika. Mtoto alikuwa amelowa mpaka mgongoni, na mwalimu alikwishafika mlangoni, akimkimbilia mwingine.