Upande wa Kulia wa Moto

Harivarta alikuwa mrina asali kwetu, kusini ya milima, lakini hakuzaliwa kwetu. Alizaliwa kwenye makao ya mtawa Bhadraketu, ambaye hata wafalme walivua viatu kabla ya kumkaribia, na alikuwa mwanawe wa kwanza. Kila alfajiri aliketi kuliani mwa baba yake, wakaulisha moto wa ibada samli pamoja. Pale ndipo anapoketi mkubwa.

Kisha baba akamleta Somila, yatima aliyemwokota njiani. "Huyu sasa ndiye kaka yenu mkubwa," akasema. "Mguseni miguu kwa heshima."

Wadogo wakainama. Harivarta akabaki wima.

"Basi ondoka kwenye moto wangu," baba akamwambia. Akaondoka, akatembea hadi njia ilipokwisha, akamwoa dada yangu Tamali.

Alikuwa shemeji mwema, mpole hata kwa nyuki. Ila msafiri yeyote akitokea kaskazini, kabla hajapewa maji ya kunywa, Harivarta angemuuliza, "Yule bado anakaa kuliani?"

"Wenzio wana wake wenza," dada yangu alizoea kusema. "Mimi mke mwenzangu ni mwanamume, na sijawahi kumwona."

Siku moja alimwona. Somila alifika akiwa amenyoa kichwa kama mfiwa, mkononi kibuyu cha ufuta, ule humiminwa na maji kwa ajili ya wafu. Kumwona tu tukajua mtawa amekufa.

"Kaka," akasema, "wadogo wote wako tayari kummiminia baba maji. Nimewazuia. Mkubwa ndiye huanza."

"Mkubwa si wewe?"

"Njoo umimine, Kaka."

"Umeniletea ukubwa wangu kama makombo! Ulishiba nao, sasa unanigawia?"

"Mume wangu," Tamali akadakia, "baba yako ana kiu huko aliko, na wewe unagombea kiti."

Harivarta akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mwishoni alimwita nani?"

Somila alitazama chini. "Alikuita wewe. Macho yalikuwa yamekwisha, haoni. Mimi ndiye niliyeitika."

"Uliitika jina langu?"

"Ningefanyaje? Miaka yote hiyo nimeketi kuliani kwake, na kila kuni zikipungua anaita, Harivarta! Unadhani mimi sikuwa na wivu?"

Shemeji yangu akacheka kicheko kifupi, kibaya kidogo, cha mtu aliyekuta kwa mwenzake kidonda kama chake. Akakichukua kibuyu, akashuka mtoni. Sisi tukafuata.

Maji yalipowafika kiunoni, akageuka.

"Sogea," alimwambia Somila. "Umesimama kuliani."

Somila akahamia kushoto.

Harivarta akamimina ufuta wote kiganjani mwake, akateka maji, akalitaja jina la baba yake. Lilitoka kwa shida, kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Akaacha maji yateremke kati ya vidole. Punje zikaenda na mto.

Somila, ambaye zamu yake ilifuata, akakipokea kibuyu, akakitikisa. Kitupu. Akasimama na viganja vilivyokingwa, machozi yakimdondoka.

Harivarta alimtazama kwa muda mrefu, nilidhani angefurahi. Kisha akakunjua mkono wake. Punje chache zilikuwa zimegandia kwenye mistari ya kiganja. Akazipangusia katika kiganja cha Somila, moja moja, kwa ubahili.

"Haya," akasema. "Lakini wewe wa pili."