Kilo Mbili za Gunia

Jumatano, tarehe 8 Machi 2023, Akiteng, mkazi wa Adungosi, alikuwa na uzito wa kilo thelathini na nane na nusu. Jambo hilo halina ubishi: limeandikwa kwa wino wa buluu kwenye kadi ya zahanati, pamoja na kimo chake, mita moja na sentimita sitini na mbili, na sahihi ya muuguzi Vivianne. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, muuzaji wa wimbi na karanga katika soko la nafaka la Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na vipimo vyote vilivyofanywa siku ile havikuonyesha ugonjwa wowote.

Sababu ya wembamba wake ilikuwa nyumbani. Oktoba iliyotangulia alikuwa amemzika dada yake mkubwa, Adeke, aliyeugua umio kwa miezi minane hata mwishowe uji mwepesi ukawa haupiti. Akiteng ndiye aliyemuuguza. Miezi hiyo yote hakuthubutu kula mbele ya mtu asiyeweza kumeza. Alikwenda nyuma ya jiko, akala amesimama, upesi upesi, kama mwizi. Siku ya mwisho alikuwa huko huko, kiazi kitamu kimejaa mdomoni, aliposikia Adeke akimwita. Hakuweza kuitika. Alipomeza na kukimbilia ndani, dada yake alikuwa amekwisha kukata roho. Tangu hapo kila tonge lilipokaribia mdomo aliisikia sauti ile, na tonge likarudi sahanini.

Vivianne hakumkemea. Mazungumzo yao wanayakumbuka wote wawili, kwa maneno yanayokaribiana sana.

“Dada, hii njaa ni wewe unaitaka?”

“Si njaa, sista. Ni aibu.”

“Sawa. Basi tusiite chakula. Tuite dawa. Unaanza na kidogo, mara tano kwa siku, tunaongeza pole pole mpaka kilo hamsini. Dawa unaweza kumeza?”

Akiteng alifikiri. “Dawa naweza.”

Aliichukua amri hiyo kwa uzito kuliko muuguzi alivyokusudia. Siku hiyo hiyo alinunua daftari la shule, akapiga mistari kwa rula, na kila alichokula akakiandika pamoja na saa yake: vijiko sita vya uji wa wimbi, saa moja asubuhi, yai moja, saa nne, nusu ya parachichi, saa saba. Lakini kabla hajafungua ukurasa wa kwanza alipita kaburini kwa Adeke na kutoa ahadi ambayo hakumwambia mtu. Atakula dawa hiyo mpaka kilo hamsini, kwa sababu ameamriwa. Baada ya hamsini atarudi kwenye kikombe kimoja cha uji kwa siku, kwa sababu chakula cha zaidi ya dawa hakuwa na haki nacho.

Hivyo kila kilo aliyoipata ilimpeleka mahali pawili kwa wakati mmoja: kwenye afya, na kwenye siku ya kuiacha.

Mwili haukujua habari ya ahadi. Kufikia Mei ulikuwa umeamka. Akiteng anasimulia juma lile kwa macho yanayong'aa: asubuhi moja alionja uji uliochanganywa na karanga za kusaga, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akaisikia ladha yake. Alisimama jikoni na kijiko mkononi. Akala kijiko cha pili, cha tatu, kisha sauti ikaja, naye akaandika kwenye daftari, “Dawa, vijiko vitatu,” ili ajitetee. Ukurasa huo upo. Neno “dawa” limepigiwa mstari mara mbili.

Tarehe 3 Julai kadi ilionyesha kilo arobaini na tano na nusu. Vivianne alifurahi, akamwambia asijisumbue tena na nauli ya bodaboda kila mwezi. Ajipime kila juma kwenye mizani moja ile ile, arudi atakapofika hamsini.

Mizani ya karibu ilikuwa ya Nabwire.

Nabwire alikuwa mama wa makamo kutoka Matayos, na kazi yake sokoni ilikuwa kupima magunia. Mizani yake ilikuwa ya chuma, ya kupandia, yenye uso wa duara na mshale mwekundu. Kila gunia lililowekwa juu yake lilikatwa kilo mbili, kwa ajili ya gunia lenyewe na vumbi lililomo. Ndiyo desturi ya wanunuzi pale, na muuzaji akitaka kubishana hubishana na hewa. Nabwire aliifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na tisa. Jicho lilisoma mshale, mdomo ukataja kilo zilizokwisha kukatwa, na katikati hapakuwa na nafasi hata ya kupumua.

Jumamosi ya kwanza Akiteng alipanda mizani jioni, magunia yamekwisha, watu wachache. Jumamosi ya pili walikuja zaidi. Ya tatu, Okedi, mpakiaji wa malori mwenye sauti ya kusikika hadi kwenye foleni ya forodha, alijiteua kuwa mtangazaji.

“Nyamazeni, gunia la Adungosi linapanda. Mama Nabwire, soma.”

“Arobaini na saba kamili.”

“Arobaini na saba! Juzi ilikuwa arobaini na sita na nusu. Nani alisema huyu ni fito ya nyanya?”

“Ni wewe ulisema,” Akiteng akamjibu.

“Mimi? Basi fito imeota majani.”

Soko lilicheka, na yeye akacheka juu ya mizani hata mshale ukatetemeka. Hiyo ilikuwa tarehe 29 Julai.

Juma lililofuata mahindi yalianza kuvunwa. Malori yalipanga mstari, magunia yakarundikwa mpaka mlangoni, na mizani haikupata tena kupumzika. Akiteng hakutaka kuikosa Jumamosi yake, kwa hiyo aliingia kwenye foleni: gunia, gunia, Akiteng, gunia. Tarehe 5 Agosti alipanda hivyo, na Nabwire, jasho linamtiririka, akataja, “Arobaini na tano na nusu.”

Okedi akageukia gunia lililofuata.

Akiteng alishuka akishangaa. Alikuwa amekula kila kitu kilichoandikwa. Aliporudi nyumbani alilipitia daftari mstari kwa mstari akitafuta kosa, asilione. Kwa mtu mwingine habari hiyo ingekuwa huzuni tu. Kwake ilikuwa pia kitu kingine, ambacho alikikiri kwangu kwa shida: alifarijika. Hamsini ilikuwa imesogea mbali, na siku ya kikombe kimoja pamoja nayo. Kesho yake aliongeza chapati moja ya mchana kwenye dawa, kisha simsim kwenye mboga ya kunde, kisha dagaa wa omena wa kukaanga jioni. Alivipenda vyote. Aliviandika vyote.

Agosti, Septemba, Oktoba. Namba zilipanda tena, nusu kwa nusu, na soko likapanda nazo. Wauza dagaa walimwekea mafungu. Mama mmoja wa chai alidai sehemu ya ushindi kwa sababu ya maziwa yake. Gauni lake la kanisani lilianza kumbana mabegani, fundi akaliachia mshono. Hata hivyo saa saba, wanawake wa nafaka walipokusanyika kuzunguka sinia moja kama walivyozoea, Akiteng alichukua kibakuli chake akaenda kukaa nyuma ya magunia, mgongo kwao. Walidhani ni masharti ya zahanati.

Jumamosi tarehe 18 Novemba Nabwire alitaja, “Hamsini.”

Okedi alipiga debe tupu kwa viganja. Madereva walishuka kwenye malori kuuliza kuna harusi ya nani. Brendah, binti wa Nabwire, alimzungushia Akiteng leso shingoni, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbwa wa soko wakajiunga. Akiteng alishangilia nao. Ndani ya furaha hiyo, anasema, alikuwa akihesabu: leo Jumamosi, kesho ibada, Jumatatu zahanati, Jumanne kikombe kimoja.

Jumatatu tarehe 20 Vivianne alimpandisha kwenye mizani ya zahanati, akamshusha, akampandisha tena. Akaandika hamsini na mbili na nusu.

“Mizani yako imekosea, sista.”

“Ilikaguliwa juzi. Na mkono wako umeuona? Huu ni mkono wa hamsini na mbili.”

Akiteng alikwenda moja kwa moja sokoni, kadi mkononi, akamwekea Nabwire mbele ya uso. Nabwire alikasirika, mizani yake haikuwahi kutiliwa shaka na mtu. Okedi ndiye aliyeamua kesi.

“Panda, dada. Mama Nabwire, usiseme bado. Sisi tusome kwanza.”

Akiteng alipanda. Okedi, Brendah na wapakiaji wawili waliinama juu ya kioo. Mshale mwekundu ulisimama kwenye hamsini na mbili na nusu.

“Haya, mama, soma.”

“Hamsini na nusu,” akasema Nabwire bila kusita.

Okedi alijishika kiuno. “Mama yangu. Umemkata dada wa watu kilo mbili za gunia.”

Nabwire aliutazama mshale, akamtazama Akiteng, akajifunika mdomo kwa leso. “Tangu lini?”

“Tangu mahindi,” Brendah akasema. “Tangu alipoanza kupanga foleni na magunia.”

Soko lililipuka kwa kicheko. Mtu alitaka kujua kama Akiteng alikatwa kwa ajili ya gunia au kwa ajili ya vumbi. Mwingine alimshauri adai fidia ya kilo mbili, zilipwe kwa nyama ya mbuzi. Nabwire alicheka na kulia kwa pamoja, akiomba msamaha, akisema mdomo wake umekuwa na kazi yake wenyewe.

Akiteng hakucheka. Alikwenda nyuma ya magunia na kufungua daftari. Aliongeza kilo mbili kwenye uzito aliouandika kila Jumamosi tangu mahindi, akishuka na kidole, mpaka alipokutana na hamsini ya kweli: tarehe 14 Oktoba. Tangu siku hiyo zilikuwa zimepita siku thelathini na saba. Dawa ilikuwa imekwisha siku thelathini na saba zilizopita, naye alikuwa ameendelea kula.

Nabwire alimkuta hapo, akadhani analilia kilo zake.

“Nisamehe, mwanangu.”

“Mama, si wewe. Nimekula majuma matano bila ruhusa.”

“Ruhusa ya nani?”

Ndipo Akiteng alipomweleza, kwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote, habari ya kiazi, ya sauti, na ya ahadi ya kaburini. Nabwire alisikiliza ameketi juu ya gunia, bila kumkatiza. Kisha akaomba daftari.

“Hii tarehe kumi na nne ulikula nini?”

“Chapati mbili. Omena.”

“Na ile sauti ilikuja?”

Akiteng alifungua mdomo kusema ndiyo, maana alikuwa na uhakika. Badala yake akalivuta daftari kwake. Alikumbuka Jumamosi ile vizuri: Okedi alikuwa ameigiza namna ofisa wa forodha anavyotembea, naye alicheka mpaka chai ikampalia. Sauti haikuja. Aliitafuta tarehe kumi na tano, kumi na sita, ishirini. Ilikuja siku fulani, siku nyingine haikuja. Naye, akidhani bado anakunywa dawa, hakuwa ameona kwamba haiji.

“Majuma matano umekula chakula tu, si dawa, kama sisi wengine,” Nabwire akasema. “Nani amekufa?”

“Hakuna.”

“Okedi yuko karibu, lakini huyo ni uvivu.”

Kicheko kilimtoka Akiteng kabla hajakizuia, kikubwa, hata upande wa pili wa magunia wakageuka. Ilikuwa saa saba. Sinia ilikuwa imewekwa chini: ugali wa wimbi na muhogo, mboga ya kunde yenye simsim, samaki wawili. Nabwire alinyanyuka akaenda kunawa. Hakumvuta mkono, hakumwita.

Akiteng anasema mwendo kutoka kwenye magunia hadi kwenye sinia haufiki hatua kumi na mbili. Wanawake walisogea, wakampa nafasi. Alinawa. Akakata tonge, akalichovya, akalitia mdomoni mbele ya watu saba, nalo likapita. La pili likapita. Kwenye la tatu mmoja wao alimwambia aache uchoyo, kichwa cha samaki si chake peke yake, naye akajibu kwamba anadai kilo mbili na ameanza kuzichukua.

Jioni hiyo alipita tena kaburini. Aliyosema huko hakuyasimulia, ila kwamba alikaa kitambo, na kwamba alikwenda ameshiba.

Isidhaniwe kwamba hatia iliondoka siku moja. Desemba kulikuwa na siku mbili ambazo hakula mpaka jioni. Aliziona mwenyewe, akampigia Vivianne simu kabla ya siku ya tatu. Lakini Jumanne tarehe 21 Novemba hakurudi kwenye kikombe kimoja cha uji. Wanawake wa sinia wanakubaliana kwamba alikuwa wa kwanza kunawa. Daftari linakoma siku hiyo, katikati ya ukurasa, na kurasa zilizobaki zimetumiwa kufungia karanga.

Mambo mawili hayajulikani. Hakuna anayeweza kuthibitisha kama Adeke aliita kweli siku ile, au aliita akitaka nini. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Wala uzito wa Akiteng wa leo haujulikani. Hajapanda mizani tangu zahanati ilipomruhusu aache kujipima mwaka uliofuata, na alipoulizwa alisema hajui.