Mkanda Uliovuliwa, Mwendo Uliobaki

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya hospitali, nilipewa ndoo ya plasta na mgongo wa kuupaka. Mgonjwa alisimama wima, nami nikamzungushia bandeji mbichi toka kwapani hadi nyongani. Ganda lile likikauka hukatwa, likavuliwa na kujazwa plasta, ikapatikana sanamu ya kiwiliwili chake. Juu yake ndipo tulipotandaza plastiki ya moto kuunda mkanda mgumu wa mgongo. Mkuu wa Karakana, mzee wa Mji wa Kale, aliniambia, "Mwanangu Rukia, usiutazame mgongo peke yake. Mgongo ni jirani wa miguu."

Sikumwelewa mpaka nilipomhudumia Mutua, mpakiaji mizigo wa bandarini Shimanzi. Gunia lilimwangukia, likamvunja pingili ya uti wa mgongo. Tulimtengenezea mkanda, ukamkaa sawasawa. Lakini hakukawia kurudi, na mkewe Kanini amefura.

"Anauvua nikimpa kisogo!" Kanini alishtaki. "Na daktari alimwonya, mfupa ukihama miguu itakufa ganzi."

"Mama, huu mkanda utaniua kabla ya mgongo," Mutua akanijibu. "Ngazi za kwetu Ganjoni nakanyaga hewa."

Nikataka kujua. Nilivaa mkanda wa mfano uliokuwepo karakanani, nikazunguka uani, nikapanda ngazi. Mtu akitembea, mguu wa kulia ukienda mbele, mkono wa kushoto huandamana nao, na kiuno hujizungusha kidogo. Mkanda ulikizuia kiuno. Hatua zikawa fupi, mikono ikaganda, na wakati wa kushuka sikuweza kuinama nione ninapokanyaga. Mutua hakuwa mkaidi. Alikuwa anaogopa kuanguka, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Nilimweleza daktari. Akaruhusu tupunguze ukingo wa chini uliokuwa ukimbana mapaja. "Kwingine msiguse," alisema. "Palipovunjika pasisogee." Mtaalamu wa mazoezi akamfundisha kushuka akishika ukuta, mguu mmoja mmoja. Mutua akaukubali mkanda, akakaa nao hadi mfupa ukaunga.

Daktari alipomruhusu kuuvua, alikuja karakanani, nami nikamwona akiingia mwili mzima mkavu kama ubao. "Mbona hujauvua?" nikauliza. Akainua shati. Hakuwa na kitu.

"Nimeuvua, Mama. Mwili ndio haujaamini."

Kwa mazoezi alilegea kidogo tu. Kanini naye akatafuta dawa yake: kila alasiri alimtoa, wakatembea hadi Makupa, njiani akimchokoza kwa makusudi.

"Nikimuudhi anasahau mgongo," aliniambia.

Nilicheka, kisha nikawafuata nyuma nione. Kanini alikuwa akiwasema vibaya wakwe zake. Mutua akageuka kumjibu, kiuno kikamfuata, mikono ikaruka huku na huku kama ya mtu yeyote mwenye hasira. Baadaye alirudi Shimanzi, safari hii kuelekeza malori, si kubeba.

Sasa nimestaafu, alhamdulillahi. Vijana waliopokea kazi wana kamera zinazoonyesha kila kiungo kinavyosogea, nao huniita nikatazame. Juzi waliniwekea picha ya mwendo wa mgonjwa aliyepona lakini bado anatembea mkavu. Nikawauliza, "Ugumu huu, ni wa mfupa au wa hofu? Mnaweza kunionyesha unapoanzia?"

Binti aliyekuwa kwenye mashine aliirudisha picha nyuma, akaitazama tena, akanisogezea kiti.

"Keti, Bi Rukia," akasema. "Tutafute."