Mbuzi Wangu Watano na Ng'ombe wa Shija

Kwetu Wamwera mtoto ni wa mjomba. Baba anazaa, mjomba anaamua. Ndiyo maana mpwa wangu Dorotea alipomaliza kidato cha sita na kupata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo, Morogoro, barua ililetwa kwangu hapa Nkowe. Mimi niliishia darasa la saba, na hilo la saba nililisoma mara mbili, kwa hiyo ukinihesabia haki nina la nane. Niliisoma barua yote, mpaka muhuri.

"Hapana," nikasema. "Miaka mitano kwa wanyama ambao hujawahi hata kuwashika mkia? Kafanye kazi mwaka mmoja kwanza. Ukiiweza harufu, nenda. Ukishindwa, umetuokolea nauli."

"Na nafasi ikipita, Mjomba?"

"Maombi yapo kila mwaka, kama korosho."

Dada yangu, mama yake, aliinua vyombo akaenda jikoni. Angesema nini mbele yangu?

Kazi nilimtafutia mwenyewe, maana mimi najulikana mpaka Nachingwea. Kornel, bwana mifugo mstaafu, ana duka la dawa za mifugo Ruangwa mjini. Akampa koti jeupe lililomzidi mikono, akamfundisha kupima dawa ya kupe na kuchoma sindano. Kila nikipita dukani nilimwita Daktari wa Kwato.

"Ng'ombe anatembelea kwato, Mjomba," alinijibu siku moja mbele ya wateja. "Wewe unatembelea mdomo."

Walicheka sana. Nami nilicheka, ingawa nilikuwa nimeleta wageni.

Aliiweza harufu. Wasukuma wa Nambilanje, wale waliohamia na makundi yao miaka hii, walikuwa wakifika dukani wanauliza kwanza, "Yule dada yupo?" Hata kabla mwaka haujaisha, Septemba, akaja kuniambia ameamua: mwaka ujao anaomba tena chuo. Nikajipiga kifua. Nani aliyesema ajaribu kwanza?

Oktoba mabibo, yale matunda ya mikorosho, yakaanza kuanguka. Siku moja mchana Shija, mfugaji wa Nambilanje, akapiga simu dukani. Ng'ombe wake wanne wameingia kwenye mikorosho, wamekula mabibo yaliyochacha, sasa wanataka kulala. Kornel alikuwa kwenye mnada Nachingwea, simu haipatikani. Dorotea akavaa koti, akapanda bodaboda peke yake.

Alimkuta Shija ameshika pembe za ng'ombe mmoja, anamvuta asimame.

"Dada daktari, tuwatembeze? Kwetu akivimba hivi hatumwachi alale."

Lakini kwao Shija hakuna mikorosho, na Dorotea amezaliwa chini ya mikorosho. Aliyatazama yale mabibo, akatabasamu. "Wamelewa tu, mzee wangu. Waache walale. Kesho wataamka wenyewe."

Shija akamtazama. Akalitazama lile koti. Akaachia pembe.

Kabla jua halijazama ng'ombe wawili walikuwa wamekufa, matumbo yamekaza kama ngoma. Kornel aliporudi hakumgombeza. Alisema tu kwamba wangesimamishwa na kunyweshwa mafuta ya kula, huenda wangepona. Shija naye hakudai kitu. Alimsindikiza Dorotea mpaka kwenye bodaboda, akamwambia pole. Nadhani pole ile ndiyo iliyomvunja. Kesho yake alilifua koti, akalikunja, akalirudisha.

Sasa niseme. Hilo la "wamelewa tu" alilitoa kwangu. Tangu yuko mdogo, kila kwenye harusi, hata kwenye msiba watu wakichoka kulia, nimekuwa nikisimulia mbuzi wangu watano waliokula mabibo, wakapepesuka, wakalala wamekumbatiana, wakaamka asubuhi wanadai maji. Watu hushika mbavu. Mbuzi walikuwa watano kweli. Walioamka ni watatu. Wale wawili sikuwahi kuwataja kwa sababu wanaharibu hadithi.

Julai maombi ya chuo yakafunguliwa. Nikamfuata shambani kwa mama yake, anafyeka chini ya mikorosho. Nikamweleza habari ya mbuzi wawili. Hakuna mtu mwingine niliyewahi kumwambia.

"Walikufa wawili?"

"Wawili."

Aliegemea fyekeo. "Shija alijua, Mjomba. Alikuwa ameshashika pembe. Mimi ndiye niliyemwambia aachie."

"Ndiyo maana uende! Huko ndiko watakufundisha."

"Ulisema nijaribu mwaka mmoja nione kama naweza. Nimeona."

"Ulichoona ni uongo wangu, mwanangu."

"Wewe hukuvaa koti," akasema.

Nikapandisha sauti. Nikamwambia mimi ni mjomba wake, na ninaamuru aende. Katika ukoo wetu sijawahi kusikia neno hilo likaanguka chini. Dorotea aliinama, akaendelea kufyeka, taratibu, akinipa mgongo.

Dirisha la maombi limeshafungwa. Ile barua ya kwanza, yenye muhuri, bado ninayo kwenye sanduku. Juzi kwenye msiba vijana walinisogezea kiti. "Mjomba, hebu tupe ile ya mbuzi." Nikawaambia nimeisahau. Dorotea alikuwa jikoni na wanawake wenzake, anasonga ugali. Hakugeuka.