Mchoro wa Penseli

Fundi wa kompyuta ana vidole vinene kama vya mwashi, lakini skrubu akizifungua huzilaza kwenye kifuniko cha chupa moja moja, kama anayelaza watoto. Hana papara. Akiweka mfumo mpya kwenye mashine ambayo hata walioitengeneza wameshaikatia tamaa, skrini ikamwandikia kwamba kifaa hiki hakifai, huijibu kwa sauti ya chini: "Na wewe utazeeka tu, bwana." Kisha hubonyeza endelea.

Siku mwalimu mstaafu alipoleta mashine yake, fundi alimwomba kwanza aiwashe mwenyewe. Mama wa watu alifungua barua za wajukuu bila hata kuangalia vizuri. Macho yalishachoka zamani, mkono ndio uliojua njia. "Usinipotezee watu wangu, mwanangu," alisema, akaondoka. Fundi akavuta karatasi, akachora skrini nzima kwa penseli: barua kona ya kushoto, nyimbo katikati, picha za marehemu mzee, mumewe, peke yake chini kabisa. Alipokwisha kunakili kila kitu kwenye flashi, ndipo akaifuta mashine, akaweka mfumo mpya, mchoro ameutandaza mbele yake.

Jioni mwalimu akaketi, akapeleka mkono kushoto. Barua hizo. Nyimbo, zipo. Mzee naye yupo palepale chini. Akageuka amekunja uso.

"Kutwa nzima, mwanangu, mbona hujagusa kitu?"

Fundi aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni. "Sijagusa, mama," alisema, na siku hiyo alifunga duka akipiga mluzi.